Haloperidoli au risperidoni: kumchagulia mtoto dawa ya saikosisi nchini Uganda

Mzazi anayetoka katika kliniki ya magonjwa ya akili, iwe Arua, Mbarara au Butabika yenyewe, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili jijini Kampala, mara nyingi hutoka na karatasi yenye jina la dawa moja, na swali la kwa nini iwe hiyo wala si nyingine huwa halikupata nafasi kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Hapa dawa zenyewe zimewekwa pamoja ili zitazamike: haloperidoli na kloropromazini, ambazo ni za kizazi cha kwanza, kisha risperidoni, olanzapini na aripiprazoli, ambazo ni za kizazi cha pili. Sehemu kubwa ya maelezo itakwenda kwa haloperidoli na risperidoni, kwa kuwa familia nyingi za Uganda, wakiwamo wakimbizi wa Kikongo walioko Nakivale na Kyangwali, hujikuta zikichagua kati ya hizo mbili tu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: dawa inayomfaa mtoto ni ile inayoweza kupimwa kwa kiasi kidogo anachohitaji, ikafuatiliwa na mtu anayejua cha kutazama, na ikapatikana tena mwezi ujao. Nguvu ya dawa huja baada ya hayo.

Dawa, au kutompa dawa hizi kabisa

Ulinganisho wa kwanza ni kati ya kumpa mtoto dawa ya saikosisi, yaani hali ya kusikia au kuamini mambo yasiyokuwepo, na kutompa. Dawa hizi zote hufanya kazi kwa kuathiri dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe katika ubongo, na ushahidi wa kuwafaa watoto upo kwa hali chache zinazojulikana: skizofrenia (ugonjwa wa akili wa muda mrefu wenye saikosisi), ambayo ni nadra kabla ya umri wa miaka 13, mania (msisimko uliopita kiasi) ya ugonjwa wa baipola, hasira kali, kujiumiza na kushambulia wengine kwa mtoto mwenye usonji, na tiki kali, yaani miondoko au sauti za ghafla zisizozuilika, za ugonjwa wa Tourette. Nje ya hapo faida hupungua haraka, ilhali madhara hubaki palepale. Mtoto mwenye usonji hatajifunza kuongea kwa sababu ya risperidoni, na mtoto mwenye ulemavu wa akili hatakuwa mwepesi wa masomo kwa sababu ya haloperidoli. Kinachoweza kupungua ni kujigonga kichwa ukutani, kung'ata, na kukesha akivunja vitu. Mwongozo wa afya ya akili wa Shirika la Afya Duniani, uitwao mhGAP, hautaki mhudumu asiye mtaalamu aanzishe dawa kwa mtoto mwenye matatizo ya tabia. Humtaka aanze na mazungumzo na wazazi, mafunzo ya malezi na ushirikiano na shule, kisha atoe rufaa.

Katika mazingira yetu kuna mitego inayofanana sana na ugonjwa wa akili. Mtoto mwenye homa anayeweweseka anapaswa kupimwa malaria kabla ya jambo lolote. Mtoto asiyeitika akiitwa huenda hasikii. Mtoto aliyevuka mpaka baada ya kuona watu wakiuawa anaweza kusikia sauti na kuona sura za waliokufa bila kuwa na skizofrenia, na anahitaji usalama, usingizi na mtu wa kuzungumza naye kuliko anavyohitaji kidonge. Lakini mtego ninaouona kuwa mkubwa kuliko yote ni wa kifafa. Kliniki za afya ya akili nchini Uganda ndizo zinazowatibu watoto wengi wenye kifafa, na fenobabitoni, ambayo ni dawa ya kale na ya bei nafuu, huwafanya baadhi yao wawe wakorofi, wasiotulia na wenye hasira. Mtoto wa namna hiyo akiletwa kwa kosa la kupiga wenzake, ni rahisi kumwongezea haloperidoli juu ya fenobabitoni, ilhali hatua sahihi ilikuwa kumwomba daktari afikirie kubadilisha dawa ya kifafa. Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi liwe hili: je, tabia hii ilianza kabla ya dawa anazotumia sasa, au baada yake?

Haloperidoli

Haloperidoli ilibuniwa mwaka 1958 nchini Ubelgiji, katika maabara ya Paul Janssen, na umri huo ndio unaoeleza uzuri wake wote. Inajulikana, ni ya bei nafuu, iko katika vidonge na sindano, na mhudumu wa kituo cha afya cha daraja la IV ameizoea. Huzima saikosisi vizuri, na hainenepeshi sana. Kwa mtoto anayesikia sauti zinazomwamuru ajidhuru, katika wilaya ambako hakuna kingine, haloperidoli kwa kipimo kidogo ni tiba halali kabisa, na mzazi asione aibu kwamba mwanawe amepewa dawa ya zamani.

Shida yake ya kwanza ni hesabu. Mtoto huanzishiwa kiasi cha takriban miligramu 0.5 kwa siku, lakini kidonge kinachoonekana zaidi katika vituo vya serikali ni cha miligramu 5. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya kidonge kidogo kama punje ya mahindi. Nusu inakatika kwa wembe. Robo inakatika kwa bahati. Sehemu ya kumi haikatiki. Matokeo yake ni kwamba watoto wengi huanza na nusu au robo ya kidonge, yaani mara mbili na nusu hadi mara tano ya kipimo kilichokusudiwa, na madhara yanayofuata hulaumiwa kuwa ni ya dawa wakati kosa ni la kipimo. Pale ambapo haloperidoli ya maji inapatikana, tatizo hili huisha, kwa sharti kwamba mzazi ameonyeshwa namna ya kuvuta matone au mililita na ameyarudia mbele ya muuguzi.

Shida ya pili ni misuli, na hapa inafaa kueleza kwa undani kwa sababu ndipo familia zinapokata tamaa. Siku moja au chache tu baada ya kuanza dawa, macho ya mtoto yanaweza kupanda juu na kukwama, shingo ikajipinda upande mmoja, ulimi ukatoka nje au taya likakaza hadi asiweze kumeza, huku akili yake iko timamu na anasikia kila kinachosemwa. Vijana wa kiume ndio wanaopatwa zaidi. Kijijini, wazee watasema ni mizimu imekasirika, mwingine atasema ni pepopunda, na pasta ataitwa. Muuguzi mwenye uzoefu huwahi kulisema hilo siku ya kwanza: "Mama, akipinda shingo au macho yakipanda juu, usingoje kesho na usimpeleke kwa maombi kwanza. Mlete hapa pamoja na pakiti ya dawa, tutamchoma sindano na atanyooka." Na kweli hunyooka, mara nyingi ndani ya nusu saa, kwa sindano ya dawa kama prometazini, kisha hufuatia vidonge vya benzheksoli, ile ambayo wengi wetu tunaiita Artane. Mama aliyeonywa hurudi kliniki. Yule ambaye hakuonywa hutupa dawa zote chooni, na huwezi kumlaumu.

Madhara mengine ya misuli huja polepole. Mtoto anakuwa mgumu, anatembea bila kupunga mikono, uso hauna tabasamu. Au hawezi kukaa: anasimama, anaketi, anahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Hali hii ya pili huwadanganya hata wahudumu, kwani huonekana kama ugonjwa umezidi, dawa ikaongezwa, na kutotulia kukaongezeka pamoja nayo. Baada ya miezi au miaka ya matumizi, baadhi hupata miondoko ya midomo na ulimi isiyodhibitika, na miondoko hiyo inaweza kubaki hata dawa ikisimamishwa. Hatari hiyo ipo kwa dawa zote za kundi hili, ila kwa haloperidoli ni kubwa zaidi.

Risperidoni

Risperidoni ndiyo dawa iliyochunguzwa zaidi kwa watoto. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha mwaka 2006 kwa hasira na ukali wa watoto wenye usonji wenye umri wa miaka 5 hadi 16, na mwaka uliofuata kwa skizofrenia ya vijana wa miaka 13 hadi 17 na mania ya wenye miaka 10 hadi 17. Uamuzi wa kwanza ulitegemea sana utafiti uliochapishwa mwaka 2002, ambamo watoto 101 wenye usonji walipewa ama risperidoni ama kidonge kisicho na dawa kwa wiki 8. Asilimia 69 ya waliopata risperidoni walionyesha nafuu kubwa, dhidi ya asilimia 12 ya wenzao. Ni tofauti kubwa, na ndiyo sababu madaktari wanaipenda. Lakini katika wiki hizo 8, waliotumia dawa waliongezeka kilo 2.7 kwa wastani, na wasioitumia kilo 0.8.

Kwa upande wa kipimo, risperidoni inamshinda mwenzake bila ubishi. Mtoto mwenye usonji aliye chini ya kilo 20 huanzishiwa miligramu 0.25 kwa siku, na aliye juu ya hapo miligramu 0.5. Kidonge cha miligramu 2 kikikatwa mara nne kinatoa 0.5, na cha miligramu 1 kikikatwa mara nne kinatoa 0.25, kuna pia dawa ya maji yenye miligramu 1 katika kila mililita, ambayo ndiyo njia safi kuliko zote. Inaweza kutolewa mara moja usiku, jambo linalosaidia sana kwa mwanafunzi wa bweni ambaye dawa zake zinatunzwa na matroni, kwa kuwa usingizi inaouleta humfaa usiku na kumsumbua akiipata asubuhi.

Udhaifu wake ni mitatu. Wa kwanza ni njaa na uzito, ambao nimeutaja. Wa pili ni prolaktini, homoni ya maziwa, ambayo risperidoni huipandisha kuliko dawa nyingine nyingi za kizazi chake: matiti ya mvulana yanaweza kuvimba, msichana anaweza kukosa hedhi au kutoa maziwa bila mimba. Katika jamii zetu msichana wa miaka 15 anayekosa hedhi atashukiwa kuwa mjamzito kabla hajaulizwa lolote, na mvulana hatamwambia mtu. Atavaa sweta juani na kuacha dawa kimyakimya. Mhudumu anapaswa kuuliza kwa faragha, tena kwa maneno ya wazi. Wa tatu ni kwamba matatizo ya misuli hayajaondoka, yamepungua tu, na kipimo kikipanda yanarudi. Wapo wanaoamini kwamba dawa mpya ni dawa salama. Risperidoni kwa kipimo kikubwa ni haloperidoli yenye jina la heshima.

Zikiwekwa ana kwa ana

Kwa uwezo wa kuzima saikosisi, tofauti kati ya hizi mbili ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa mtoto mwenye usonji, ushahidi wa risperidoni ni imara zaidi kwa mbali. Kwa misuli, risperidoni inashinda. Kwa uzito na prolaktini ya muda mrefu, haloperidoli ina nafuu kiasi upande wa uzito, ingawa nayo hupandisha prolaktini. Kwa urahisi wa kupatikana katika kituo cha serikali ambako matibabu hayalipiwi, haloperidoli imekuwa ikishinda, na kwa dharura yenye kuhitaji sindano hakuna shindano.

Kuna jambo moja ambalo linazihusu zote mbili na ambalo vitabu vya nchi za mbali hulipita haraka. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni, ambazo ndizo dawa za kifafa tunazoziona kila siku, hulifanya ini lizivunje haloperidoli na risperidoni kwa kasi, na vivyo hivyo rifampisini ya kifua kikuu. Mtoto anayetumia mojawapo anaweza kuonekana kana kwamba dawa haimsaidii. Na siku dawa hiyo ya kifafa au ya kifua kikuu ikisimamishwa, kipimo kilekile cha zamani kinaweza kumlemea ghafla. Ritonaviri, iliyomo katika baadhi ya mchanganyiko wa dawa za VVU, hufanya kinyume chake: huzuia dawa isivunjwe, ikalundikana. Mseto wa artemetha na lumefantrini, tunaoutumia wote kwa malaria, unaweza kuchelewesha mapigo ya umeme ya moyo kama haloperidoli inavyofanya. Hii haina maana kwamba mtoto anyimwe dawa ya malaria, maana malaria itamuua kwanza. Maana yake ni kwamba muuzaji wa duka la dawa aambiwe mtoto anatumia nini, na mtoto mwenye historia ya kuzimia au ugonjwa wa moyo aonwe hospitali.

Nyingine, kwa ufupi

Aripiprazoli ndiyo ningeichagua ya kwanza kwa mtoto mwenye usonji ambaye tayari ni mnene, au kwa msichana aliyepata shida ya prolaktini, mradi familia ina hakika ya kuinunua mwezi baada ya mwezi. Imeidhinishwa Marekani kwa hasira za usonji kuanzia miaka 6, hushusha prolaktini badala ya kuipandisha, na hukaa mwilini siku kadhaa, hivyo dozi moja iliyosahaulika haiharibu kitu. Kichefuchefu na kule kutotulia ndizo kero zake. Tatizo ni kwamba kwa sehemu kubwa inapatikana katika maduka binafsi ya dawa ya mijini, na dawa inayotumiwa miezi miwili kisha ikakosekana ni mbaya kuliko dawa ya kawaida isiyokatika.

Olanzapini isianzwe nayo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 ulifuatilia watoto na vijana 272 ambao hawakuwahi kutumia dawa hizi: kwa takriban wiki 11, waliopewa olanzapini waliongezeka kilo 8.5 kwa wastani, wa risperidoni kilo 5.3, wa aripiprazoli 4.4, na wasiotumia dawa kilo 0.2. Katika utafiti mwingine wa vijana wenye skizofrenia, uliochapishwa mwaka 2008, kundi la olanzapini lilisitishwa kabla ya wakati kwa sababu ya uzito, na wala haikuwa imeonyesha nafuu kuizidi risperidoni. Mzazi wa mtoto aliyekonda anaweza kufurahia kuona sahani ya posho na maharage inamalizika, lakini sukari na mafuta vinavyopanda damuni havionekani kwa macho.

Kloropromazini ni ya kale kuliko zote, ya tangu miaka ya 1950. Hulaza sana, hushusha shinikizo la damu mtoto akisimama ghafla, huifanya ngozi iungue juani, na inaweza kuongeza degedege. Kwa mtoto wa kaskazini mwenye ugonjwa wa kusinzia kichwa (nodding syndrome), ambao ni aina ya kifafa, au kifafa kingine, sioni sababu ya kuichagua ikiwa kuna nyingine. Kuitumia ili nyumba ipate usingizi ni kumtibu asiye mgonjwa. Sindano ya flufenazini ya mwezi, inayosaidia watu wazima wanaosahau vidonge, haifai kwa mtoto: madhara yakitokea, dawa haitoki. Klozapini ni ya hospitali kubwa peke yake, baada ya nyingine mbili kushindwa, kwa sababu inaweza kuua chembe nyeupe za damu na inadai damu ipimwe mara kwa mara.

Nani atafuatilia, na kwa nini

Ufuatiliaji hauhitaji mashine za ajabu. Mizani, futi ya ukutani, kipima shinikizo na kipima sukari cha kidole vinapatikana katika vituo vingi vya daraja la IV. Uzito na urefu vipimwe kabla ya kidonge cha kwanza, maana bila namba ya mwanzo hakuna wa kujua mtoto amenenepa kiasi gani. Kisha vipimwe kila mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo, halafu kila miezi mitatu pamoja na sukari. Mhudumu amwombe mtoto atoe ulimi, anyooshe mikono, atembee hadi mlangoni na kurudi. Dakika mbili zinatosha.

Dalili moja haivumiliwi hata siku moja: homa kali pamoja na mwili kukakamaa kama ubao, jasho na kuchanganyikiwa. Nchini Uganda homa hutibiwa kama malaria, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu hali hiyo inaweza kuwa mwitikio mbaya wa dawa yenyewe. Mtoto apelekwe hospitali usiku huohuo, dawa ya saikosisi isimamishwe, na malaria ipimwe badala ya kukisiwa.

Ikiwa ningelazimika kuamua kwa mtoto mwenye usonji anayejiumiza, ningeanza na risperidoni kidogo, na nikikuta kituo cha karibu hakina, ningeuliza hospitali ya rufaa ya mkoa kabla ya kukubali robo ya haloperidoli. Kwa kijana wa miaka 16 mwenye saikosisi ya wazi, anayeishi mbali na mji na ambaye kituo chake kina haloperidoli kila mwezi, ningemwachia haloperidoli kwa kipimo kidogo kiwezekanavyo, Artane ikiwa karibu, kuliko kumwanzishia dawa ambayo nauli ya kuifuata itaishinda familia.

Na dawa iliyosaidia isiachwe ghafla, wala isiendelee milele bila mtu kuuliza. Katika mwendelezo wa ule utafiti wa usonji, watoto walioondolewa risperidoni polepole baada ya takriban miezi 6 walirudiwa na hali ya awali kwa asilimia 62.5, na walioendelea nayo kwa asilimia 12.5. Takwimu hizo zina pande mbili: wengi bado waliihitaji, lakini zaidi ya theluthi moja ya walioiacha walikaa vizuri bila dawa. Ndiyo maana kila baada ya miezi 6 hadi 12 mzazi anaweza kuuliza bila woga kama wakati wa kupunguza umefika, na kama umefika, kipimo kishuke kwa wiki kadhaa, katika muhula ambao mtoto yuko nyumbani na si wiki ya mitihani.